Alama Zinavujia Wapi? Hesabu ya Wiki Kumi Kabla ya KCSE

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa Julai yakitoka, mzazi wa Umoja au Zimmerman hapa Nairobi huuliza swali moja tu: "Umepata ngapi?" Akiambiwa C, anashika simu kumsaka mwalimu wa tuisheni. Mtoto naye anaomba pesa za kitabu kingine cha kudurusu. Zile karatasi zenyewe, zilizojaa wino mwekundu, zinaishia chini ya godoro. Kosa la kwanza la muhula wa tatu hufanyika hapo, kwa kuwa hakuna kitu kingine nyumbani wala shuleni kinachoonyesha alama zilipotelea wapi.

Kuanzia shule zinapofunguliwa mwishoni mwa Agosti hadi karatasi za nadharia za KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, zinapoanza mapema Novemba, mtahiniwa ana wiki kumi hivi. Wiki kumi hazitoshi kufundishwa upya silabasi ya miaka minne. Zinatosha kuziba mianya inayovuja alama za mambo ambayo mwanafunzi tayari anayajua, na kwa mtoto wa C au D mianya hiyo huwa mikubwa kuliko anavyodhani. Shule nyingi hapa mjini zinafanya kinyume. Mtihani unafuatwa na mtihani, orodha ya nafasi inabandikwa ubaoni, kisha mtihani mwingine unachapishwa kabla mtu hajakaa na mwanafunzi kumuuliza ni kwa nini alikosa alama nne katika swali la saba. Mwanafunzi anazoea kufanya mtihani na anazoea vilevile makosa yake.

Kwanza hesabu ya pointi, maana wazazi wengi na hata baadhi ya watahiniwa bado wanaishi na ile ya zamani. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani inatokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, kisha masomo matano yoyote aliyoyafanya vizuri kuliko mengine. A ni pointi 12 na E ni 1, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Ukipata 46 hadi 52 una C+, ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu. 53 hadi 59 ni B-. 60 hadi 66 ni B. Zamani ilikuwa lazima lugha zote mbili na sayansi mbili ziingie. Sasa hivi mtu anaweza kuporomoka katika somo moja au mawili na gredi yake isitikisike.

Chukua mtahiniwa wa kubuni mwenye masomo manane. Hisabati D+ (4), Kiswahili B (9), Kiingereza C+ (7), Kemia D+ (4), Biolojia C (6), Historia B- (8), Dini B (9), Biashara C+ (7). Hisabati inaingia, Kiswahili kinaingia kama lugha bora, halafu yanachukuliwa matano: Dini, Historia, Kiingereza, Biashara na Biolojia. Jumla ni 50. Amepata C+, na amebakisha pointi tatu tu kufika B-. Atazitoa wapi? Wengi watasema Kemia, kwa kuwa ndiyo inayomuaibisha. Lakini Kemia haimo kwenye hesabu yake. Akiitoa kwenye D+ hadi C, yaani apande hatua mbili nzima kwa jasho la wiki kumi, jumla inabaki 50 vilevile. Ni mpaka afike C+ ndipo iing'oe Biolojia na kumpa pointi moja. Hisabati, kwa upande mwingine, inahesabiwa apende asipende: kutoka D+ hadi C ni pointi mbili taslimu. Ongeza Biolojia kutoka C hadi C+, ambayo ni moja, na tayari ana 53.

Hesabu hii inachukua dakika kumi, na ifanywe kabla ya ratiba yoyote kuchorwa. Ina sharti moja. Kozi za chuo zina masomo yake, na anayelenga uuguzi au uhandisi hawezi kuitupa Kemia kwa sababu tu haimo kwenye saba zake bora. Hapo kuna malengo mawili, gredi ya wastani na gredi ya somo, na ni afadhali familia ijue mapema inakimbiza lipi.

Ukishajua masomo ya kusukuma, toa zile karatasi chini ya godoro. Kazi ni rahisi ila inachosha: pitia kila swali ulilopoteza alama, na kando yake andika sababu kwa herufi moja. J, sikujua kabisa. S, nilijua lakini nikasahau. V, nililisoma swali vibaya. W, wakati uliniishia. Andika na idadi ya alama. Mwisho wa karatasi jumlisha kila herufi. Ifanye kwa karatasi zote za Julai, ambazo kwa masomo manane kama yale ya juu ni 20 hivi: Hisabati mbili, Kiingereza na Kiswahili tatu tatu, Kemia na Biolojia tatu tatu, na mbili mbili za Historia, Dini na Biashara. Usidanganye kwenye herufi. Mwanafunzi mvivu huandika S kila mahali, mwenye kukata tamaa huandika J kila mahali, na wote wawili wanajinyima habari.

Kila herufi ina dawa yake. J inahitaji mwalimu au mwenzako anayelijua jambo hilo, na hapo ndipo tuisheni ina maana, kwa mada iliyotajwa kwa jina. S inahitaji kujiuliza maswali mara kwa mara, kesho kutwa, wiki ijayo, kisha wiki tatu baadaye. V inahitaji kalamu: kupigia mstari kitenzi cha swali na idadi iliyotakiwa kabla ya kuandika chochote. W inahitaji saa mezani. Mtoto akipelekwa tuisheni ya jumla huku alama zake nyingi zikiangukia V na W, pesa hizo zinamlipa mtu amfundishe asichokosa.

Hisabati ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hiyo ya kuhesabiwa kwa lazima. Karatasi ni mbili, kila moja alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane na unachagua matano, kila moja alama 10. Gawa wakati sawasawa: dakika 75 kwa 75, na katika sehemu ya pili dakika 15 kwa swali. Swali likifika dakika ya kumi na sita, liache nafasi uendelee.

Jambo ambalo watahiniwa wa D wanaambiwa kwa nadra ni kwamba karatasi ya kwanza hutoka kwa kiasi kikubwa katika kazi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Ya pili ndiyo inayoelemea Kidato cha Tatu na cha Nne. Mwanafunzi mwenye D+ anayekesha Septemba nzima akipigana na kalkulasi, na bado sehemu, asilimia, kutumia jedwali la logi na kutafuta eneo la maumbo vinamshinda, amepanda ngazi kwa kuanzia juu. Arudi kwenye vitabu vya Kidato cha Pili bila aibu. Darasani watamcheka wiki moja, basi.

Halafu kuna namna alama zinavyotolewa. Msahihishaji wa Hisabati hatoi alama kwa jibu tu. Zipo za njia, zipo za jibu sahihi, na zipo zinazojitegemea. Tuangalie swali la kodi ya mapato, ambalo hupendwa katika sehemu ya pili ya karatasi ya pili. Tuseme kodi ni asilimia 10 kwa shilingi 10,000 za kwanza, asilimia 15 kwa 8,000 zinazofuata, na asilimia 20 kwa 8,000 zinazofuata hizo. Mfanyakazi ana mshahara wa 17,000 na marupurupu ya nyumba 5,000, na nafuu ya kodi ni 1,200 kwa mwezi. Mapato yanayotozwa ni 22,000. Kumi za kwanza zinatoa 1,000. Nane zinazofuata zinatoa 1,200. Zimebaki 4,000 tu katika daraja la tatu, nazo zinatoa 800. Jumla 3,000, toa nafuu, analipa 1,800.

Makosa hapa hujirudia mwaka nenda mwaka rudi. Kuna anayesahau kujumlisha marupurupu na kuanza na 17,000. Kuna anayeichukua 22,000 yote akaizidisha kwa asilimia 20. Kuna anayetoza 8,000 nzima katika daraja la tatu kwa sababu ndivyo jedwali linavyosema, bila kuangalia kilichobaki. Na kuna wengi wanaofika 3,000 wakaweka kalamu chini kabla ya kutoa nafuu. Huyu wa mwisho, kama ameandika kila hatua kwenye mstari wake, anaokota alama karibu zote. Mwenzake aliyefanya hesabu zote kwenye kikokotoo na kuandika "3,000" peke yake hana cha kuokoa. Msahihishaji hawezi kuzawadia njia asiyoiona. Kwa hiyo zoezi la wiki ya kwanza ni kuandika: mstari mmoja, hatua moja, alama ya sawasawa chini ya mwenzake.

Kwa sehemu ya pili, tengeneza akiba ya mada sita kwa kila karatasi unazoweza kuzifanya ukiamshwa usiku. Katika karatasi ya pili zinazofaa ni kama kodi ya mapato, longitudo na latitudo, grafu za trigonometria, uwezekano, mfuatano wa namba, na uchoraji wa maumbo kwa bikari na rula. Hakuna aliyeahidi kuwa zote zitatokea. Ila nyingi ni za hatua zilizozoeleka, na za grafu zina alama za bure: kujaza jedwali, kuchagua skeli, kuweka nukta. Penseli iwe imechongwa, vidole visitetemeke.

Sasa maabara, na hapa nitasema wazi kwamba shule zetu zinawapunja watoto. Katika Kemia, Fizikia na Biolojia, karatasi mbili za nadharia zina alama 80 kila moja, lakini zikijumlishwa zinapunguzwa hadi 60. Karatasi ya tatu, ile ya maabara, ina alama 40 na inaingia yote kama ilivyo. Arubaini kwa mia! Mtahiniwa anayepanda kutoka 16 hadi 26 katika karatasi ya maabara ameongeza alama kumi kwenye mia ya somo. Kupata kumi hizo hizo kwa nadharia angehitaji alama 27 hivi kati ya 160. Na bado utakuta shule ya kutwa ambayo wanafunzi wake hawajashika bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo, hadi Septemba ya Kidato cha Nne, kemikali zikiwa zimefungiwa kabatini "zisiharibike".

Chukua taitresheni, lile jaribio la kuteremsha asidi au alkali kutoka kwenye bureti hadi rangi igeuke. Ile jedwali ndogo ya kwanza, yenye safu tatu za majaribio, hubeba alama tano kabla hujafanya hesabu yoyote ya moli. Moja ni ya kujaza jedwali kikamilifu. Moja ni ya desimali. Moja ni ya usahihi ukilinganishwa na matokeo ya mwalimu wa shule yako. Moja ni ya kanuni ya kutafuta wastani, na ya mwisho ni ya wastani wenyewe. Ona zinavyopotea. Mtahiniwa anaandika 24.5 kwenye safu ya kwanza, 24 kwenye ya pili, 24.45 kwenye ya tatu: desimali zimevurugika, alama imeenda. Zote ziwe na desimali moja, au zote mbili, na zikiwa mbili tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5, kwa kuwa jicho halioni zaidi ya hapo kwenye bureti. Mwingine amepata 24.5, 24.4 na 26.0, akajumlisha zote tatu na kugawa kwa tatu. Hilo la 26.0 halikustahili kuingia, maana zinazotafutiwa wastani zisipishane zaidi ya 0.2. Angechukua mbili za kwanza, aonyeshe kujumlisha na kugawa, aandike 24.45. Mwingine amegeuza jedwali, kipimo cha mwanzo juu na cha mwisho chini, au amekosea kutoa tu. Hakuna kemia katika makosa haya hata moja.

Na dawa yake haigharimu kemikali. Jaza bureti maji ya mfereji. Teremsha kiasi, soma sehemu ya chini ya mpindo wa maji macho yakiwa usawa wake, andika. Mwenzako asome bila kuona ulichoandika. Mkipishana, rudieni. Nusu saa ya mchezo huo mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu, inamtoa mtoto kwenye uoga wa chombo chenyewe. Baada ya hapo, zile chupa chache za asidi na alkali ambazo shule inazo zitumiwe kwa majaribio kamili yenye saa.

Upande wa kutambua ayoni, tatizo kubwa ni haraka. Swali linataka uongeze sodiamu haidroksaidi tone kwa tone hadi izidi. Mtahiniwa anamimina robo ya chupa kwa mkupuo. Kama ni zinki, aluminiamu au risasi, ule mashapo mweupe ulijitokeza na kuyeyuka kabla hajatupa jicho, naye anaandika kwamba hakuna mabadiliko. Amepoteza alama ya kuona, na pamoja nayo ile ya kukisia, kwa kuwa msahihishaji hakupi hitimisho ambalo halikutokana na ulichoona. Tone la kwanza, tikisa, angalia, andika. Tone la pili. Kisha zidisha. Amonia ndiyo itakayokutengea zinki, kwa kuwa mashapo wake unayeyuka ikizidi na wa wale wawili hauyeyuki. Na mmumunyo usio na rangi uandikwe kuwa hauna rangi. Ukisema tu kwamba "ni safi", hujasema kitu.

Fizikia na Biolojia nitazipita haraka. Grafu ya Fizikia: mihimili yenye majina na vipimo, skeli inayoifanya grafu ikalie angalau nusu ya karatasi, pembetatu kubwa ya kutafutia mteremko, na mteremko wenyewe uwe na kipimo chake. Mchoro wa Biolojia: mistari ya penseli isiyokatika, bila kutia kivuli, mistari ya majina isipishane wala isiwe na vichwa vya mishale. Jina la kisayansi, neno la kwanza lianze kwa herufi kubwa na yote mawili yapigiwe mstari kila moja peke yake. Makosa ya sekunde mbili, yote haya.

Kiswahili kinaumiza kwa namna yake, hasa Nairobi. Mtoto anayesema "hiyo kitabu" na "ile maji" kutwa nzima anaamini lugha anaijua, kwa hivyo haidurusu. Katika karatasi ya pili, matumizi ya lugha ni alama 40 kati ya 80, na makosa ya sarufi na hijai yanakata nusu alama hapa, nusu pale, mpaka unashtukia umeshuka gredi. Dawa ya ngeli si kukariri jina la ngeli. Tunga sentensi kumi kila jioni, nomino moja, ukiipitisha kwenye kivumishi, kiashiria na kitenzi, umoja na wingi, na mwenzako akuangalie. Isimu jamii, yaani matumizi ya lugha katika jamii, ina alama kumi za kuokota kwa anayesoma mwongozo mara mbili. Katika ufupisho, hesabu maneno. Ukipita idadi uliyopewa unakatwa alama hata kama hoja zote umezipata.

Insha ni mbili, kila moja alama 20, kwa saa moja na dakika 45. Ya kwanza ni ya lazima na huwa ya kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri, mahojiano na kadhalika. Ukiandika hotuba yenye anwani ya barua umejikata alama za sura kabla ya hoja kusomwa. Maneno yasipungue 400. Ajuaye anaandika maneno mangapi kwa mstari mmoja wa mwandiko wake hapotezi wakati kuhesabu. Na methali ya kupamba isiyohusiana na swali, ile iliyokaririwa tangu Kidato cha Pili na kubandikwa mwanzoni mwa kila insha, haimsaidii mtu. Insha iliyopotoka inatua kiwango cha D, alama tano kwenda chini, hata ikiwa na misemo mia.

Historia na Dini zinasahihishwa kwa hoja. Swali linalosema "taja" mambo matatu kwa alama tatu linataka mistari mitatu. Linalosema "eleza" mambo matano kwa alama kumi linataka kila hoja ifuatwe na ufafanuzi wake, maana hoja peke yake ni alama moja na ufafanuzi ni ya pili. Mwanafunzi aliyejibu la pili kwa mtindo wa la kwanza anajua kila kitu na anapata tano kwa kumi. Hiyo ni V kwenye daftari lake. Inatibika kwa siku tatu.

Kuhusu namna ya kudurusu, kuna mtego mmoja ambao hata wanafunzi wa A wanauingia: kusoma daftari lilelile tena na tena kwa kalamu za rangi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha waliosoma kifungu mara kadhaa na waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka, waliojijaribu wakakumbuka zaidi. Ndiyo maana usiku wa kusoma unampa mtu raha kubwa na asubuhi ya mtihani inamnyang'anya. Funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, fungua, ujaze kwa wino mwingine ulichokosa. Inaudhi. Inafanya kazi.

Mitihani ya miaka iliyopita itumiwe vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kusoma swali huku mwongozo wa kusahihisha uko kando, mtu akitikisa kichwa kwamba "ee, hii naijua". Jumamosi saa mbili asubuhi, saa ileile ya mtihani, keti na karatasi moja nzima, simu iwe chumba kingine. Jumapili alasiri isahihishe kwa mwongozo, utie zile herufi. Jumatatu hadi Jumatano shughulikia yaliyoanguka. Jumamosi inayofuata, kabla ya karatasi mpya, rudia maswali uliyokosa ya wiki iliyopita bila kuangalia popote. Kwa wiki kumi hizo ni karatasi kumi kamili, chache kuliko zile 20 za KCSE, ndiyo maana hesabu ya pointi ilitangulia: hizo kumi zigawiwe Hisabati na masomo mawili matatu yanayoweza kusogea.

Kuhusu pa kusomea. Nyumba ya chumba kimoja Pipeline au Kayole, televisheni ya jirani ukutani na stima inayopotea bila taarifa, si mahali pa saa mbili za Hisabati. Maktaba ya taifa ina tawi Buruburu, na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 katikati ya jiji, ina matawi Kaloleni na Makadara. Ziko karibu na wengi wa Eastlands kuliko wanavyofikiri. Mtoto wa shule ya kutwa anayekaa kwenye foleni ya Jogoo Road asubuhi na jioni asijaribu kufanya hesabu ndani ya matatu. Muda huo ni wa kadi ndogo za fomula, tarehe na ayoni, swali mbele, jibu nyuma.

Usingizi ulindwe. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo rasmi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Bado zipo shule zinazowaamsha watahiniwa saa kumi alfajiri, wakasinzie juu ya daftari hadi kipindi cha kwanza, na zinajivunia hilo kwenye mkutano wa wazazi.

Oktoba inapoanza, huja na wale wa Telegramu wenye "karatasi zenyewe". Anayelipa hupata karatasi ya kubuni au ya miaka iliyopita iliyobadilishwa tarehe, halafu anatumia usiku wa mwisho kukariri majibu ya maswali ambayo hayatatokea. Kumbuka 2015 na 2016: udhibiti ulipokazwa baada ya wizi mkubwa wa 2015, idadi ya A ilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141 kwa mwaka mmoja. Watahiniwa wa 2027, ambao ndio wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, wana sababu ya ziada ya kukaa mbali na mchezo huo. Mwaka unaofuata hakutakuwa na Kidato cha Nne cha kurudi kurudia.

Limebaki la wazazi, na ni la karo. Mtahiniwa anayerudishwa nyumbani Septemba kwa sababu ya deni hakosi "siku tatu tu". Mara nyingi anakosa vipindi viwili vya maabara ambavyo shule haitavirudia, kwa kuwa kemikali za zamu hiyo zimeisha. Mzazi aliyebanwa aende mwenyewe ofisini wiki ya kwanza ya muhula, akiwa na mpango wa kulipa ulioandikwa, badala ya kungoja mtoto aonekane mlangoni na begi. Na akiwa huko huko shuleni, aombe kuona karatasi za Julai zilizosahihishwa, kuanzia ile ya tatu ya Kemia. Amuulize mtoto ameshika bureti mara ngapi tangu Kidato cha Tatu. Jibu likiwa mara mbili, azungumze na mwalimu wa somo na msaidizi wa maabara kuhusu Jumamosi nne za Septemba, kabla hajampigia mtu yeyote wa tuisheni.